Feliciano Nkalamba (1928–1975): Aliyeuliza Watu Wako Wapi

Feliciano Nkalamba, tunayemsindikiza leo Jumatano tarehe 12 Machi 1975, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1928 katika kijiji cha Nachitenje, kusini ya Mto Ruvuma. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi Helena na marehemu Mzee Nkalamba, mchonga vinu. Baada yake alizaliwa mmoja tu, dada yake Lucinda. Kwa Wamakonde watoto wa dada ni wa mjomba, na mjomba ndiye anayewapeleka jando. Katika maisha ya marehemu desturi hiyo iliamua mengi.

Alisoma shule ya misheni kwa miaka minne, akajua kusoma, hesabu na Kireno. Mwalimu wake alimwadhibu kila mtoto aliyesema Kimakonde darasani, na Feliciano, aliyekuwa bado hajakijua Kireno, aliamua kunyamaza kabisa. Mwisho mwalimu akamwita mama yake kumpa pole kwamba amezaa bubu. "Bubu?" Bibi Helena akashangaa. "Huyu akirudi nyumbani, hata mbuzi wanatamani anyamaze."

Mwaka 1947 alivuka Ruvuma, kama vijana wengi waliokimbia kazi za shuruti za Wareno, akakata mkonge karibu na Mikindani. Bandari ya Mtwara ilipokuwa ikijengwa alipata kibarua pale, na mwaka 1954 akawa karani wa shehena za korosho. Wenzake wa bandarini, ambao wengi wao wako hapa leo, wanamkumbuka kwa swali alilouliza kila winchi ilipokwama: kabla ya kuuliza mzigo uko wapi, aliuliza wapagazi wako wapi.

Tarehe 16 Julai 1955 alifunga ndoa na Theresia, binti wa Nanyamba. Haikuwa rahisi kwa Mmakonde wa ng'ambo, ambaye huku aliitwa Mmawia. Siku ya posa shangazi wa binti alizitazama chale za usoni mwake akasema mbele ya wazee, "Mnampa mtoto wetu Mmawia? Uso wenyewe umesukwa kama mkeka!" Feliciano akainama. "Shikamoo shangazi. Mkeka ndio tunaowakaribishia wageni. Karibu kwangu." Wazee wakacheka, posa ikapita. Tangu hapo shangazi yule kila akija mjini alifikia kwa Feliciano, mtaa wa Chikongola, na hakukubali kulala kwa mwingine.

Alijiunga na Frelimo mwaka 1962. Vita vilipoanza miaka miwili baadaye, Wareno walianza kuwakusanya watu wa mpakani katika vijiji vya senyenge. Nachitenje ilizungushiwa waya mwaka 1966, boma la askari likajengwa kando. Watu walitoka asubuhi kwenda mashambani chini ya ulinzi, wakarudi kabla jua halijatua. Ndani ya waya ule walikuwamo Bibi Helena, Lucinda na wanawe wawili. Mwaka 1967 marehemu aliacha kazi ya bandari, akawa mjumbe wa siasa wa wapiganaji mpakani.

Mwezi Julai 1969 viongozi wa sehemu ile walikutana kambini, upande wetu wa mto, kuamua namna ya kuirudisha Nachitenje. Siku chache kabla ya mkutano, mwanamke mmoja wa Nachitenje, aliyeponyoka shambani kuja kutafuta chumvi, alikuwa amemletea marehemu salamu za Lucinda: "Mwambieni kaka, wanangu wamepitwa na jando. Mjomba yuko wapi?" Mmakonde yeyote anajua kwamba hizo hazikuwa salamu. Ilikuwa aibu.

Kamanda Zeferino, jasiri aliyekuwa na majeraha mawili ya vita, alitaka boma lipigwe kwa makombora kabla ya mvua. Wengine walitaka barabara itegwe mabomu, askari wazingirwe hadi chakula kiwaishie. Wapo waliosema wangoje, huenda Ulaya kungebadilika na mazungumzo yakaja. Feliciano alisikiliza wote, kisha akasema:

"Kombora halichagui. Waya uko hatua chache kutoka bomani; ukilipiga boma umewapiga na mama zetu. Tukizuia chakula, askari watakula cha wanakijiji kwanza, tutakuwa tumewafungia njaa ndugu zetu. Na kungoja, tumengoja tangu babu zetu."

"Sasa unataka nini, Bwana Karani?" Zeferino akamuuliza. "Tuwaandikie barua watoke?"

"Nataka tuwatoe watu. Boma bila watu ni pango. Nani atawalimia? Nani atawachotea maji? Kibanda cha jando hujengwa porini, nje ya kijiji, na siku ya kuwatoa wali, vijana waliotahiriwa, kijiji kizima hutoka kwenda kucheza. Wazee waombe ruhusa. Mkuu wa boma anatafuta sana kupendwa na wazee, atawapa. Watoke kwenda ngomani, wasirudi."

Watu walicheka. Zeferino hakucheka. "Mreno hatoki kwa ngoma. Na wakigundua, watawafyatulia watu risasi uwanjani. Halafu wewe una dada mle. Ndiyo maana siliamini wazo lako."

"Nina dada, nina mama," Feliciano akajibu. "Nikikosea, wa kwanza kuzika ni mimi. Wewe ukikosea utazika wa nani?"

Shaka ya Zeferino ilikuwa ya haki, na marehemu mwenyewe alikiri hivyo hadi mwisho. Walibishana mpaka adhana ya alasiri ikasikika kutoka kijiji cha jirani. Hatimaye wakakubaliana: ngoma iende, lakini wapiganaji wa Zeferino wajifiche njiani hadi mtoni, na watu wakishatoka tu, barabara itegwe.

Mkuu wa boma alitoa ruhusa, wavulana wakaingizwa jandoni, wana wa Lucinda wakiwamo. Siku ya kuwatoa wali ilikuwa Jumamosi, tarehe 23 Agosti 1969. Ilimpasa mjomba awepo, na Feliciano alikuwepo, amevaa kinyago cha ngoma ya mapiko kilichofunika kichwa chote, akicheza mbele ya askari wawili waliotumwa kulinda. Askari wakapiga makofi. Nyuma ya wachezaji, ukoo baada ya ukoo ulichukua vyungu vyake kama unaokwenda kuongeza chakula, ukaingia porini. Askari hao walikuwa vijana wa sehemu ile ile; walipong'amua, mmoja aliangusha bunduki akaondoka na watu, wa pili akafungwa kamba.

Marehemu alifika mtoni jua likiwa linazama. Mitumbwi ilikuwa tayari. Kwa mbali, kutoka uwanjani, ngoma ilikuwa bado inalia.

"Lucinda, nani anapiga ile ngoma?"

"Mama, na bibi wawili wenzake."

"Si nilisema atoke nawe?"

"Alikataa, kaka. Alisema ngoma ikinyamaza, bomani watajua."

Feliciano aligeuka kurudi. Zeferino akamshika mkono. "Unakwenda wapi?"

"Niache. Ni mama yangu."

"Najua ni mama yako. Ukitokea pale sasa hivi, ngoma itanyamaza, na hawa wote bado wako ukingoni. Ulituambia tuwatoe watu. Haya, watoe."

Akaingia mtumbwini. Alimwambia mkewe baadaye kwamba katika maisha yake hakuna mzigo aliowahi kuubeba mzito kama ule wa kukaa kwenye mtumbwi akiisikiliza ngoma.

Kijiji kilivuka, lakini hakikuvuka chote. Doria iliyokuwa ikirudi kutoka upande mwingine ililikuta kundi la mwisho karibu na maji, watu wanne wakauawa. Kila aliposifiwa kwa siku ile, marehemu aliwataja hao kwanza, kwa majina yao.

Jando haliachwi wazi. Wali walikuwa wametolewa kwa haraka, hawakuoshwa wala kupewa majina mapya. Marehemu aliwapeleka Nanyamba kwa wakwe zake, wazee wa huko wakalifunga jando kama inavyopasa, ingawa lilifunguliwa ng'ambo. Yule shangazi wa mkeka ndiye aliyepika.

Boma la Nachitenje lilibaki bila mkulima wala mpagazi, na barabara yake haikupitika tena. Mwezi Aprili 1970 askari waliondolewa. Ni vema isemwe sawasawa: ngoma peke yake haikuwaondoa, wala mabomu ya Zeferino peke yake. Wawili hao walitaniana kwa miaka mitano, huyu akiitwa Bwana Ngoma na yule Bwana Kombora, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Marehemu alikuwa wa kwanza kuingia kijijini. Alimkuta Bibi Helena amekaa mbele ya nyumba yake, amekonda, akitwanga. Askari walikuwa wamewaweka wale bibi watatu wawatwangie mahindi. Feliciano alipiga magoti mbele yake.

"Umechelewa," mama yake akasema. "Halafu siku ile ulicheza vibaya. Nilikujua kwa miguu."

Marehemu alianza kuugua figo mwaka jana, miezi michache kabla ya mapatano ya Septemba yaliyonyamazisha bunduki. Alilazwa hospitali hapa Mtwara mwezi Novemba, akatoka, akarudishwa Februari. Theresia na Lucinda walipokezana kumuuguza. Zeferino alikuja kila wiki na redio yake, wakasikiliza habari za serikali ya mpito na kubishana hadi wauguzi wakamtoa. Feliciano alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Machi 1975, akiwa na miaka arobaini na sita. Siku ya uhuru wa nchi aliyozaliwa imekwisha kutangazwa, tarehe 25 Juni. Hakuifikia.

Msiba ulipotokea, ndugu waligawanyika. Wengi walisema avushwe, akazikwe Nachitenje. Zeferino alisema kwa uchungu, "Ardhi imerudi. Alikuwa akiipigania nini, kama haimpokei?" Wengine waliuogopa mto, maana umefurika. Ikaonekana vema angojwe mama, kwa kuwa kwa Wamakonde neno hilo ni lake.

Bibi Helena alivushwa kwa mtumbwi, akafika jana mchana. Alikaa kando ya jeneza, kisha akauliza, "Watu wa Nachitenje wako wapi?"

Akaambiwa wengi bado wako huku, na karibu wote wapo uani.

"Basi mnaniuliza nini? Huyu mtoto hakuuliza kitu kingine maisha yake yote. Watu wako hapa. Mzikeni hapa. Siku watu wakirudi, mimi nitakuwa kule, nitawapokea."

Kwa Wamakonde kaburi la mtu huchimbwa na wapwa wake. Kaburi hili limechimbwa na watoto wawili wa Lucinda, waliotolewa jandoni siku ile.

Marehemu ameacha mjane, Theresia, watoto watatu, Erasto, Esta na Josephu, mjukuu mmoja, dada yake Lucinda na wanawe wawili, rafiki yake Zeferino, ambaye leo hana wa kubishana naye, na mama yake mzazi, Bibi Helena, aliyebaki nyuma ili wengine wavuke.

Pumzika kwa amani, Feliciano, hapa walipo watu wako.