Harusi ya Saa Sita Mchana

MARIT: Haloo? Nani mwenzangu?

ANNIKA: Mdogo wako! Umeshanifuta kwenye simu?

MARIT: Simu iko juu ya mto, sioni jina. Hujambo, bibi harusi?

ANNIKA: Sijambo. Mbona mlio huo?

MARIT: Niko kwenye mashine, hapa hospitali Duluth. Damu inatoka, inatiwa dawa, inamulikwa kwa taa, inanirudia. Annika, juzi nililala mpaka kulipokucha! Sikujikuna hata kidogo! Ukurutu shingoni umeanza ku—

ANNIKA: Vizuri. Na kesho Ijumaa unarudi?

MARIT: Kama kawaida, siku mbili mfululizo. Halafu siku nzima nisiguswe na jua, dawa hiyo ikikutana nalo inaunguza. Bahati yako unafunga ndoa Jumamosi jioni.

ANNIKA: Ndiyo nimekupigia. Tumeisogeza. Saa sita mchana, palepale mchangani, ziwani.

MARIT: [simu inakwaruza kwenye mto] Saa ngapi?

ANNIKA: Sita. Mwanga ni mzuri kwa picha.

MARIT: Basi nitavaa kofia, miwani myeusi, mikono mirefu—

ANNIKA: Kwenye picha, dada?

MARIT: Kesho siji hospitali, basi.

ANNIKA: Uache tiba? Mama ataniua.

MARIT: Mama anajua?

ANNIKA: Saa aliichagua yeye.

MARIT: Nilikubali kuchomwa haya masindano ili nisimame karibu yako. Nilimwambia Mama hivyohivyo.

ANNIKA: Tutakuwekea kiti ndani, dirishani. Utaona kila kitu.

MARIT: Kioo hakizuii jua lile, Annika.

ANNIKA: Basi mbali na dirisha. Usinifanye niwe mbaya, bwana! Tove atasimama badala yako. Binamu naye ni damu.

MARIT: Tove.

ANNIKA: Saizi yenu moja. Lile gauni la msimamizi, mpe Mama alilete.

MARIT: Nimelijaribu mara moja tu.

ANNIKA: Najua. Ila lifue kwanza.

MARIT: Ukurutu hauambukizi. Unajua hauambukizi!

ANNIKA: Mimi najua. Tove ndiye hajui.

MARIT: Si ungemwambia.

ANNIKA: Mbona hiyo mashine inapiga kelele?

MARIT: Nimekunja mkono. Damu haipiti.

ANNIKA: Nyoosha basi! Haya, mpiga picha ananiita. Gauni ulifue kwa maji ya moto, eh? Mara mb—

MARIT: Annika? ... Haloo? ... Nesi. Samahani, nesi, mikono yangu imefungwa kwenye mashine. Naomba unikune hapa shingoni.