Urbanus Kitonga Mwanzia na Kompyuta ya Datsun ya Kijani

Mchungaji, majirani wa Murera, mafundi wa Mwihoko na ndugu zetu mliotoka Ngoliba, karatasi hii nimepewa mimi Muriithi, kaka yake mjane Wanja, kwa sababu familia ilikubaliana kwamba shemeji ndiye anayeweza kumsifu Urbanus bila kumgeuza malaika, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kuniachia neno la mwisho katika mabishano yetu ya miaka thelathini na saba, leo Jumatano tarehe 11 Juni 2025 nitalichukua, na anisamehe.

Urbanus Kitonga Mwanzia alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Ngoliba, mashariki ya Thika, mtoto wa kwanza kati ya watano wa Mzee Mwanzia, mfanyakazi wa shamba la katani, na mkewe Mama Ndila, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alisoma shule ya msingi hapo hapo hadi mtihani wa darasa la saba mwaka 1975, akapita, lakini masomo yake hasa aliyapata kando ya mashine ya kuchakata katani alipokuwa akimngoja baba yake, na akiwa na miaka kumi na miwili alimwambia msimamizi kwamba beringi ya upande wa kushoto inakufa, akafukuzwa kwa utundu, na siku tatu baadaye beringi ikafa kweli.

Mwaka 1978 aliingia katika gereji moja mjini Thika kujifunza ufundi, akakaa miaka tisa, na tarehe 1 Juni 1987 akafungua gereji yake Mwihoko, mabati kumi na mawili na mti wa kuning'iniza injini. Huko ndiko alikopewa jina la Sikio, maana wengine walipokuwa wakifungua na kufunga, yeye aliweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini, akafumba macho, akasema ni silinda ya tatu, na ikawa ya tatu, na magari yenye kabureta mbili au tatu, ambayo mafundi wengi waliyakimbia, yaliletwa kwake kutoka Ruiru, Thika na hata Nyeri, naye aliyapokea kwa majivuno ambayo sisi wakwe zake tuliyavumilia kwa shida.

Alimwona dada yangu Emmah Wanja kanisani Witeithie mwaka 1988, akiongoza kwaya, na badala ya kumsalimia kama watu alimwambia kwamba mwimbaji wa tatu kutoka kushoto anatoka nje ya sauti, Wanja akamjibu kwamba anajua, na kwamba huyo ni shangazi yake. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Desemba 1988, na Mungu akawajalia binti, Ndila, aliyepewa jina la nyanya yake, mwaka 1990 na Kiama mwaka 1994, na mwaka 2003 wakahamia hapa Murera, katika boma hili mlilokaa.

Sasa nafika mahali ambapo Wanja aliniambia nisiruke. Kuanzia mwaka 2014 usikivu wa Urbanus ulianza kumtoka, daktari akasema ni kelele za injini za miaka mingi, akapewa kifaa cha kusikia, lakini kifaa hicho kilikuza kila kitu kikawa kelele moja, akakitia kwenye droo. Hakumwambia mteja hata mmoja. Alianza kuuma mpini wa bisibisi kwa meno ili mtikisiko wa injini umfikie kupitia mfupa wa taya, na wateja wakadhani ni mbwembwe mpya za Sikio, hadi mwezi wa Februari 2018 alipoifunga pikapu ya mkulima mmoja na taiming iliyotangulia mno, yaani plagi zilitoa cheche mapema kuliko inavyofaa, injini ikawa inagonga barabara nzima, dereva akidhani ni kawaida, mpaka pistoni ikapasuka. Urbanus aliijenga injini ile upya kwa mikono yake, akaapa kwamba hataharibu gari la mtu tena, akafunga gereji tarehe 2 Machi, akawaambia watu ni mgongo. Mwaka mzima na zaidi alikaa hapa nje akiangalia kuku, na niseme wazi kwamba tuliogopa tutamzika wakati huo.

Aliyemtoa ni Mama Warigia, muuguzi mstaafu wa Thika, ambaye yuko nasi hapa, aliyekuja mwezi wa Juni 2019 akivutwa na trekta ndani ya Datsun yake ya kijani ya mwaka 1977, gari la michezo la viti viwili aliloendesha tangu ujana wake, kabureta zimekwisha kwa uzee na vipuri havipatikani, akasema, "Fundi, hii gari ni wewe utatengeneza ama niipeleke scrap, sina fundi mwingine." Urbanus alitikisa kichwa, lakini Ndila, aliyesomea elektroniki, akauliza mbona wasing'oe kabureta kabisa, waweke injekta za kunyunyizia petroli na kompyuta ya kuongoza injini, ile inayouzwa kando na kufungwa katika gari lolote, na baba yake akacheka kwa mara ya kwanza tangu afunge gereji, kicheko cha dharau, nasi tukashukuru hata hicho.

Kisanduku cha kompyuta kilipofika, kidogo kama Agano Jipya la mfukoni, alikizunguka siku mbili bila kukigusa, siku ya tatu akaamka mapema, akafungua gereji, na kuanzia hapo hakuna aliyepata kumtuliza. Alikata kwa msumeno na tupa gurudumu la meno la kuiambia kompyuta injini imefika wapi katika mzunguko wake, akalifunga kwenye puli, akavuta nyaya mpya kutoka boneti hadi chini ya dashibodi, akachomea sensa ya kupima moshi kwenye ekzosi, anakula amesimama, anamwamsha Ndila kwa simu kumuuliza waya wa kahawia unaenda wapi, na Jumamosi tarehe 17 Agosti 2019 injini ikawaka, ikazima, ikawaka tena ikakaa. Kwenye skrini ya laptopu kukatokea jedwali la vyumba vidogo mamia, kila chumba ni mwendo fulani wa injini na mzigo fulani, na ndani yake namba ya petroli ya kumwagwa, na kando yake sensa ikisema mchanganyiko ni mzito au mwepesi, na Ndila akamwambia, "Baba, hizi ni namba tu, umekuwa ukizifanya kwa kichwa miaka hiyo yote." Urbanus alibadilisha namba moja, injini ikatulia, akaiona ikitulia, akashika bati la gereji akalia bila kujificha, kwa maana kitu alichokuwa akikisikia sasa alikiona.

Lakini petroli ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni taiming, na hapo sensa nyingine waliyofunga, ya kusikiliza injini ikigonga, ilikataa kusaidia, ikilia kwa kila kelele ya injini ile kuukuu kama mbwa anayebwekea upepo, na kugonga kwa kweli, kule kulikoua pikapu, hakukuwa na namna ya kukujua ila kwa sikio. Ndila alishauri taiming iachwe nyuma, gari litembee polepole kama la bwana harusi, lakini Mama Warigia alikuja kuchukua gari lake akiwa na safari ya Nanyuki, anataka lipande kama zamani, ameshika funguo mkononi, na Urbanus akajikuta mbele yake na mbele ya mafundi wa mstari mzima, akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyojua, "Mama, usiende nayo. Mimi sisikii. Ni miaka mitano sasa." Mama Warigia akamshika bega, akahakikisha anamtazama mdomo, akamwambia, "Kitonga, Mwihoko yote inajua, ni wewe tu ulikuwa hujaambiwa."

Safari ya Nanyuki ikaahirishwa, Ndila akabana maikrofoni kwenye injini na kuiunganisha na hedifoni, na Wanja, ambaye katika kwaya ya watu arobaini humjua aliyepotea, akakalia kiti cha pili laptopu ikiwa mapajani, wakakubaliana kwamba ngumi juu ni kugonga na kiganja wazi ni safi, wakatoka Jumamosi baada ya Jumamosi kwenye barabara ya kupanda kutoka Thika kuelekea Gatanga. Kilimani Wanja alipoinua ngumi kwa mara ya kwanza, Urbanus alikataa katakata, akasema ni kokoto zinazopiga chini ya gari, Wanja akamwandikia kwenye skrini, "Baba Ndila, hayo si mawe," wakasimama, wakanuna wote wawili, akafungua plagi kwa hasira ili kumwonyesha mkewe kwamba amekosea, na juu ya kauri nyeupe akakuta chembe za pistoni zinazometameta. Akarudisha taiming nyuma nyuzi mbili, na tangu siku hiyo hakubisha ngumi ile tena, heshima ambayo mimi sikuwahi kupewa.

Tarehe 12 Oktoba 2019 walipanda kilima chote, gia ya tatu, mguu chini, akina mama waliokuwa wakichuma chai wakisimama kuangalia kitu cha kijani kinachopita, na kiganja cha Wanja kilikaa wazi juu ya dashibodi kutoka chini hadi juu. Jumatatu gereji ilifunguliwa tena kwa wateja, na kabla hajaugua waliyafungia kompyuta magari arobaini na moja, yeye akitazama, mkewe akisikiliza.

Mwezi wa Februari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Thika kwa uangalifu mkubwa. Humo wodini alimsumbua daktari hadi akamwazima Wanja kifaa cha kusikiliza moyo, na kila asubuhi dada yangu alimsikiliza kifua, kisha akaweka kiganja wazi juu ya shuka, naye akatabasamu. Jumanne tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, Wanja alisikiliza muda mrefu, akasikia kila kitu, akaweka kiganja wazi, na ameniruhusu niwaambie kwamba hiyo ndiyo mara moja tu aliyomdanganya. Urbanus alikitazama kiganja kile, akakifunika kwa chake, na katika muda wa saa moja akapumzika.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu na ndugu zake wanne. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, kwaya ya Witeithie, majirani wa Murera mliokesha nasi, Mama Warigia aliyewabeba wageni tangu jana, na mafundi wa Mwihoko, ambao kwa miaka mitano mlijua na hamkumcheka. Gereji itafunguliwa Jumatatu, Ndila kwenye skrini na mama yake kwenye hedifoni.

Pumzika kwa amani, shemeji, kusikiliza sasa utuachie sisi.