Mama Povu Anaachia Matangi ya Eli

Baada ya miaka thelathini na moja katika kiwanda chetu cha bia, Mama Povu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Karibu sote tulimkuta hapa, na wapo wanaoamini kwamba aliletwa pamoja na mabomba.

Alianzia kwenye laga. Huko kazi ni baridi na subira: hamira hutulia chini ya tangi, na bia hulazwa wiki tano au sita katika chumba ambacho huingii bila koti, hadi itoke nyepesi na angavu. Alipohamishiwa chumba cha bia ya eli, ambako joto ni la kawaida, siku ya pili tu alikuta povu zito la kahawia limepanda hadi mdomoni mwa tangi. Akadhani bia imeharibika. Akalikwangua lote kwa ndoo, akalimwaga mtaroni na sakafu akaisugua. Hakujua kwamba hamira ya eli hufanya kazi ikiwa juu, na kwamba povu lile ndilo mbegu ya tangi linalofuata. Mpika bia mkuu wa wakati huo alishika kichwa. Bahati nzuri tangi dogo la pembeni lilikuwa halijaguswa. Jina lake lilianzia hapo, na kila mgeni husimuliwa kisa hicho na mwenyewe kabla ya kukabidhiwa ndoo.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeijua eli kama yeye. Akiwa mlangoni hunusa tu: harufu ya ndizi mbivu ikizidi, anajua joto limepanda, na mtu ataulizwa.

Mwaka jana uongozi ulitaka kukifunga chumba cha eli, kwa kuwa wateja wengi hunywa laga. Sisi saba wa chumba hicho tukawa roho juu. Mama Povu, ambaye angeweza kunyamaza na kungoja siku yake ya kustaafu, alilivalia njuga. Alimwendea mkurugenzi na kopo la hamira mkononi.

"Hii imepokezwa tangi kwa tangi tangu kiwanda kifunguliwe," alimwambia. "Ikikosa kazi inakufa. Ukiamua kufunga, njoo uimwage wewe mwenyewe."

Mkurugenzi, ambaye maisha yake yote hunywa laga, hakuimwaga. Alitupa miezi sita. Mama Povu akazunguka baa zote za mjini akiwaeleza watu kwamba eli ikigandishwa hupoteza ladha, na kuna walionyang'anywa glasi zenye barafu. Tuliona aibu, lakini waliionja, wakarudi.

Jumatatu iliyopita barua ilibandikwa ubaoni: chumba cha eli kinabaki. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akalia mbele yetu.

Mama, sisi saba tuna kazi kwa sababu hukunyamaza. Tunakushukuru sana. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha na siku nyingi za furaha na wajukuu. Jumatatu ijayo tutaanzisha tangi bila wewe kwa mara ya kwanza. Tunaogopa kidogo, lakini tutalianzisha.