Marehemu Otmar Maduhu, Fundi wa Nozeli wa Ushirombo (1931–1984)

Marehemu Otmar Maduhu alizaliwa Ushirombo tarehe 14 Machi 1931, mtoto wa pili wa Mzee Maduhu na Mama Nyamizi. Alisoma shule ya misheni hapa hapa hadi darasa la nne, mwaka 1945. Baadaye alichunga ng'ombe wa baba yake, kisha akawa utingo wa lori la pamba.

Mwaka 1954 aliajiriwa mgodini Geita kuhudumia injini za dizeli za mtambo wa umeme. Mgodi ulipofungwa mwaka 1966 alirudi nyumbani na kutengeneza magari uani kwake. Hakupenda kutupa kitu. Washa za shaba, zile pete nyembamba za kuzuia uvujaji, alizichoma kwenye jiko la mkaa hadi ziwe nyekundu, akazizamisha majini zilainike, akazitumia tena.

Tarehe 9 Agosti 1958 alifunga ndoa na Coletha Maige. Walijaliwa watoto watano. Alimfundisha mkewe kuendesha Land Rover yao, jambo ambalo majirani walilicheka.

"Otmar, siku moja huyo atakukimbia na gari lako," Donatus, jirani yake, alimwambia.

"Akifika mbali," alijibu, "nitajua nililitengeneza vizuri."

Jumamosi tarehe 2 Juni mwaka huu, marehemu alikuwa akibadilisha nozeli za gari hilo, yaani vifaa vinavyorusha dizeli ndani ya injini. Tatu zilikuwa zimeshafungwa. Ya nne aliitilia shaka, akaiunganisha na bomba lake ikiwa nje ya injini ili aone inavyorusha dizeli. Mkewe alikaa kwenye usukani. Mumewe alipomwambia, "Piga stata," alipiga. Marehemu alikinga kiganja mbele ya nozeli, kama mafundi wengi wanavyofanya ili kusikia nguvu yake. Dizeli ilimtoboa. Tundu lilikuwa dogo kuliko la sindano na halikutoa damu.

"Twende zahanati, Baba Athanas," mkewe alimwomba.

"Kwa mwiba huu? Watanicheka."

Alimaliza kazi. Jumapili alikwenda misa. Jumatatu mkono ulivimba hadi kiwiko, na bado alikataa. Jumanne asubuhi mkewe aliwasha gari na kumwambia, "Leo sikuombi. Panda." Alimwendesha mwenyewe hadi hospitali, Kahama. Nozeli zote nne zilifanya kazi bila kasoro.

Daktari alieleza kwamba dizeli ilikuwa imeingia ndani kabisa ya mkono na kuozesha nyama, na kwamba jeraha la namna hiyo linahitaji kupasuliwa siku ile ile. Mkono ulikatwa Alhamisi, lakini sumu ilikuwa imeshaenea. Alifariki Jumatano tarehe 13 Juni, saa kumi alfajiri.

Tangu siku hiyo yamesemwa maneno hapa kijijini juu ya mwanamke aliyepiga stata. Wapo waliosema mjane arudishwe kwao. Kwa hiyo familia imeona yaandikwe aliyoyasema marehemu hospitalini Jumatatu tarehe 11 Juni, mbele ya mkewe, watoto wake na mdogo wake, Stanslaus:

"Stanslaus, usikie vizuri, maana nyumbani wataongea. Mimi ndiye niliyesema piga. Mkono niliuweka mwenyewe. Siku tatu aliniomba, nikakataa. Mtu akimgusa Coletha kwa neno hili, amenigusa mimi."

Stanslaus aliitika, "Nimesikia, kaka." Ameyasoma maandishi haya na kuyatia sahihi.

Mafundi mliopo, kingeni nozeli kwa boksi, si kwa kiganja. Atakayetobolewa aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama haumwi.

Marehemu ameacha mdogo wake, Stanslaus; watoto Athanas, Generosa, Onesmo, Justina na Silvesta; wajukuu wawili; na mkewe, Coletha, ambaye ataendelea kuishi katika nyumba hii, na gari ni lake.

Bwana ampokee Otmar, na ampe amani.