Rhoda Mmari, Mwalimu wa Wapokea Simu za Dharura

Wapendwa mliofika kumsindikiza Rhoda Elineema Mmari, familia inawaletea maisha yake, kwa ufupi, maana hotuba ndefu alikuwa akizikatisha mwenyewe.

Alizaliwa Machame, Kilimanjaro, tarehe 14 Machi 1968, akasoma shule ya msingi huko huko hadi 1982, na sekondari mjini Moshi hadi 1986, kisha akaajiriwa posta kuunganisha simu, ambako alijulikana kwa sauti ya upole na ubishi usiokwisha.

Tarehe 9 Julai 1994 alifunga ndoa na Gadiel, karani wa meli, wakahamia Durban, Afrika Kusini, mwaka 1997, wakaishi mtaa wa Berea, Mungu akawajalia Sia na Japhet.

Mwaka 2003 aliajiriwa na serikali katika kituo cha simu za dharura, na mwaka 2012 akawa meneja wa mafunzo ya wapokea simu, na msimamizi wa mfuko wa tozo inayokatwa kwa watumiaji wa simu ili kugharimia huduma hiyo.

Tarehe 3 Agosti 2016, Audace, Mrundi mpakuaji mizigo wa eneo la Clairwood, alipiga simu akisema, "Niko kwa gereji ya Léonard, nyuma ya makontena, mwenzangu iko anakufa," lakini mpokeaji akazidi kudai jina la barabara, kama fomu ilivyoagiza, na gari la wagonjwa lilipofika, mwenzake Anatole alikuwa ameshakata roho. Fomu ile aliiandika Rhoda. Alikiri hivyo mbele ya wakubwa wake, akaenda kumwomba radhi mjane wa Anatole, Ninahazwe, wakalia pamoja, kisha akaibadilisha fomu, akaanzisha darasa la wapokea simu wanaojua Kiswahili na Kifaransa, wakifundishwa kumuuliza mtu kwanza anaona nini mbele yake, na Ninahazwe akawa mwanafunzi wa kwanza kujiandikisha.

Wakubwa walitaka fedha za tozo zinunue viti na skrini, naye kila mwaka aligoma kusaini mpaka darasa lipate fungu lake, jambo lililomkosesha cheo, na Gadiel anasema hata nyumbani hakusaini kitu kirahisi, ukiacha cheti cha ndoa.

Januari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, wakati darasa limeshapangiwa kufungwa, na hilo lilimuumiza kuliko ugonjwa. Tarehe 17 Juni, hospitalini, Sia alimsomea barua ya wakubwa wake kwamba fungu la darasa sasa ni la kudumu, naye akauliza tu nani atafundisha Jumatatu. Alifariki tarehe 19, saa nne asubuhi, kabla hajajibiwa.

Tunawashukuru kwa moyo wote madaktari na wauguzi, majirani wa Berea, wafanyakazi wenzake waliopokezana zamu ili wengine wawe hapa, na Ninahazwe, aliyempikia uji miezi yote hiyo, na ambaye keshokutwa ataingia darasani kushika chaki.

Basi pumzika kwa amani, Mama Sia, Jumatatu kuna mwalimu.