Mtaimbo Nyuma ya Pipa la Viazi

Jouko, zima redio uketi, na koti ulivue, maana ukikaa na koti utanisikiliza kama mtu anayengoja basi. Outi, wewe njoo huku upande wa dirisha niuone uso wako. Sasa ni saa saba na nusu, na ikigonga saa nane jua letu hili la Desemba litakuwa limekwisha kujiendea, nami nina maneno ambayo nataka niyaseme kukiwa kweupe. Sikilizeni, wanangu. Muuguzi aliyekuja asubuhi alinishika kifundo cha mguu akanyamaza, na mimi nimezika watu wa kutosha kukijua kimya cha namna ile. Kufa siogopi. Nina miaka themanini na minne, nimekula samaki wangu na viazi vyangu, kitanda ni changu na jiko lina moto. Ninachoogopa ni kingine, na nimekiogopa tangu jana mchana hata kahawa imenishinda, nanyi mnajua mimi na kahawa.

Kwanza niyamalize ya vitu, maana ni machache. Nyumba hii na msitu wa nyuma ni vya Jouko, kwa kuwa ndiye anayejua bomba lipi huganda kwanza. Sauna ya ufukweni tunamoogea mvuke ni yenu nyote wawili, wala asiuziwe mgeni. Cherehani na shuka zangu za kitani ni za Outi, atakwenda nazo popote atakapokwenda. Nimesema popote, Jouko, usinikunjie uso. Mashua iacheni, ilikwisha kuoza kabla yangu. Na kipo kitu kimoja cha baba yenu ambacho nyinyi mnaamini kiko chini ya ziwa, na hakiko chini ya ziwa. Nitakifikia. Msiniharakishe.

Outi, uliitwa kazini kusini mwa Uhispania, kuwauguza wazee wetu waliohamia juani, na watu wale wanataka jibu lako Ijumaa. Mwezi wa tisa ulikuwa unacheka. Ulikuwa ukiniambia, "Mama, huko watu wanaingia kanisani na kandambili," na Jouko anakutania, "Nenda ukaokwe kama mkate, ukirudi tutakupaka siagi." Pasi mumeo alikwisha kununua kofia, masikini, kofia mbaya vile. Kisha mimi nikaingia kazini. Nilikwambia mkataa kwao ni mtumwa. Nilikuuliza nani atakayeniwashia mshumaa mkesha wa Krismasi, makaburi yote ya kanisa yakiwaka na langu peke yake likiwa shimo jeusi kwenye theluji. Nilikulilia pia, na machozi yale niliyapima kama mpishi anavyopima chumvi. Ukanishika mkono ukaniahidi kwamba huendi kokote, na usiku ule nililala usingizi mzuri, Mungu anisamehe, kwa sababu tangu siku ile sijakuona ukicheka.

Tangu Novemba unakuja hapa ukitoka kazini, unakaa kwenye kiti kile cha baba yako, na taa huwashi. Nikikuuliza, unasema hukuona kwamba giza limeingia. Mkate unaukata na huuli. Nilijidanganya kwamba ni uchovu, wauguzi wote huchoka. Lakini jana ulivaa mabuti ya baba yako ukashuka ziwani ukakaa saa nzima, na barafu ya mwaka huu ina siku tisa tu, haibebi hata mbwa mnene. Mimi nimelala hapa, miguu imevimba, siwezi hata kufika mlangoni kukuita. Uliporudi nikakuuliza ulikuwa wapi. Ukasema, "Nilikuwa naangalia barafu, mama." Ukapita jikoni kuosha vikombe. Binti yangu, maneno hayo niliwahi kuambiwa katika nyumba hii hii, na aliyeniambia hakurudi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeyaficha maradhi ya nyumba hii miaka thelathini na mmoja.

Mnamkumbuka baba yenu Arvi alivyokuwa na njia yake ya barafu juu ya ziwa. Kila Januari alikwenda na mtaimbo, hatua na pigo, hatua na pigo, akiupima unene, akisimika vijiti vya msonobari kandokando hadi ng'ambo penye kanisa na duka, ili tufani ya theluji isimpoteze mtu. Na Aprili barafu ikianza kulegea, yeye ndiye aliyeifunga njia kwa kulaza matawi makubwa ya msonobari yakikingama pale ufukweni, na hata mlevi wa kijiji akiyaona matawi yale hugeuza. Miaka ishirini hakuzama mtu wala farasi. Lakini mwaka ule wa mwisho mgongo ulikwisha kumtoa kwenye kazi ya msitu, na lile jingine, lililokuwa likimjia kila giza la mwaka, lilimjia mapema na likagoma kuondoka. Alikaa kwenye kiti kile bila taa. Njia akaishika jirani yetu Reino.

Mwezi wa pili binamu yake alimletea picha kutoka Uhispania, michungwa imesimama barabarani hivihivi kama miti yetu ya mibetula. Baba yenu alizibeba mfukoni wiki nzima kabla ya kunionyesha, mtu mzima ananiogopa mimi. Akasema, "Saimi, twende huko. Hata msimu mmoja tu. Mimi hapa nitakufa." Nami nilikuwa nakanda unga wa shayiri, wala sikugeuka. Nikamwambia, "Watu wazima hawakimbii giza, Arvi. Wazee wetu wamelistahimili na nguo zenye viraka." Hakusema tena. Nilidhani nimeshinda. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa lugha, niliogopa joto, niliogopa kufa mahali ambapo udongo hauniju. . . haunijui. Ngojeni. Nipe maji, Jouko. Siyo hayo, ya baridi.

Basi asubuhi ile ya Aprili nilimsikia anavaa mabuti. Nikamwuliza waenda wapi, akasema, "Naenda kuangalia barafu." Nikageukia ukutani nikalala. Hilo nalo nalisema leo kwa mara ya kwanza: niligeukia ukutani. Nilipoamka nilishuka ufukweni, na nilichokikuta pale ndicho ambacho hakuna mtu mwingine aliyekiona. Matawi yalikuwepo. Mnasikia? Njia ilikuwa imefungwa. Reino aliifunga jioni iliyotangulia, matawi manene, mapya, yamelazwa vizuri kama alivyofundishwa na baba yenu mwenyewe. Nyayo za Arvi zilifika kwenye matawi, zikayavuka, zikaendelea. Na mtaimbo wake aliuegemeza hapo kwenye matawi, umesimama wima. Nyinyi ni watoto wa ziwa, sina haja ya kuwafasiria. Mtu anayetaka kurudi haachi mtaimbo wake ufukweni.

Niliogopa wanangu. Sikuwa na huzuni bado, huzuni ilikuja baadaye na haijaondoka. Saa ile nilikuwa na hofu tu. Niliogopa mnong'ono wa kanisani, niliogopa nyinyi kuitwa watoto wa yule aliyejiendea, na zaidi ya yote niliogopa mtu kuniuliza kama mume wangu aliwahi kuniomba kitu. Nikayaburura matawi yale, moja moja, hadi sauna, nikayachoma yote katika jiko la humo. Mtaimbo nikauficha kwenye shimo la viazi. Watu walipokuja kumtafuta walikuta njia wazi, na kila mtu akasema lile ambalo kila mtu angesema hapa kwetu: Reino alikuwa na zamu, Reino hakufunga njia, Reino amemwua Arvi.

Na Reino hakukana. Hilo ndilo limenila miaka yote hii kuliko kifo chenyewe. Baada ya mazishi alikuja hapa barazani, kofia mkononi, akaniangalia machoni kwa muda mrefu, akasema, "Saimi, huenda nilisahau." Alijua kabisa kwamba hakusahau. Alijua ni nani aliyeyaondoa matawi na kwa nini, akaamua kuibeba aibu yetu mgongoni mwake kama gunia lake mwenyewe. Nami nikamwambia, "Basi Mungu akusamehe," nikafunga mlango. Mimi! Tangu siku ile hajapata kukabidhiwa njia, hajaalikwa sauna ya mtu, mkewe alikufa watu sita tu wakaja. Na kila vuli samaki ninaowakuta kwenye ngazi, wamesafishwa, wamefungwa gazetini, mliodhani ni wa chama cha wavuvi, ni wa Reino.

Jouko, inua kichwa. Ulikuwa na miaka ishirini na minne, ulikuwa na uchungu, sikulaumu wewe. Lakini nilikuwepo dukani siku ile ulipomwambia mbele ya watu, "Mzee, leo umefunga njia, au umesahau tena?" Watu wakacheka. Yeye akachukua mkate wake akatoka. Na mimi mama yako nilisimama pale na kopo la maziwa mkononi, nikanyamaza. Lile halikuwa kosa lako. Ni langu, nami nalichukua, lakini miguu ya kwenda kuliondoa sina, unayo wewe. Mtaimbo uko nyuma ya pipa la viazi, umefungwa kwenye gunia. Hiyo ndiyo mali ya baba yenu niliyowaambia. Uchukue umpelekee Reino. Ni wake, maana njia aliishika yeye. Mwambie Saimi amesema matawi yalikuwepo. Kisha kaseme hivyo hivyo dukani na kanisani, kwa sauti ile ile uliyomdhihakia. Jumamosi washa sauna, umwalike, na yeye ndiye akae benchi la juu, mahali pa heshima, na yeye ndiye amwage maji juu ya mawe ya moto. Akikataa, kesho yake mwalike tena.

Sasa wewe, Outi. Unaona kwa nini sikutaka uende? Si kwamba niliogopa utapotea. Niliogopa utapona. Ndiyo, nalisema hivyo lilivyo. Ukienda huko ukacheka, ukala, ukawasha taa zako, basi na yeye angepona, na mimi ndiye niliyemnyima kwa sababu nilikuwa nakanda unga. Nilikuwa tayari ukae gizani ili mimi nisiwe na hatia. Hakuna mama anayepaswa kulijua jambo kama hilo juu yake mwenyewe, lakini jana nililijua, nikiwa nimelala hapa nahesabu dakika za wewe kuwa ziwani.

Ahadi uliyonipa naivunja mimi niliyeiomba. Nimeitua chini, haipo tena. Ijumaa wapigie watu wale uwaambie unakwenda. Sikudanganyi kwamba jua ni dawa ya kila kitu. Wako waliokwenda huko wakalia vilevile, ila walilia na miguu ina joto. Kwa hiyo kabla ya Ijumaa, kesho asubuhi, Pasi akupeleke kwa daktari, nawe useme yote, useme na la jana. Baba yako aliona aibu kusema. Siku hizi ugonjwa huo una jina na una dawa, wewe mwenyewe unawapa wagonjwa wako. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukifika huko ukakuta giza limekufuata hata chini ya michungwa, usikae nalo peke yako kitini. Mpigie kaka yako, hata akiwa sauna. Jouko, wewe utapokea. Na usithubutu kumwambia ametukimbia, maana nitarudi nikuvute masikio.

Mniletee blanketi lingine. Miguu . . . siisikii. Haidhuru.

Msizuie safari kwa ajili yangu. Ardhi imeganda, watu wa kanisa wataniweka mpaka wapate kuchimba, nami sina haraka. Mshumaa wangu wa Krismasi, Jouko, mwombe Reino. Mwombe kwa adabu. Nilimfungia mlango, sasa namwomba moto. Akikataa pia ni haki yake, nitakaa bila mshumaa, nimezoea . . . hapana, sijazoea. Nitamwomba tu.

Mbona umesimama, Jouko? Unakwenda sasa hivi? Vaa kofia. Zunguka kwa barabara, usikate ziwani. Nimemsikia akiufungua mlango wa shimo la viazi, Outi, unasikia? Ule mlango unalia hivyo tangu siku ile. Vizuri. Mwache aende kungali na mwanga.

Mungu awaweke, wanangu, mahali ambapo asubuhi itawakuta mnataka kuamka. Awape watu watakaoona taa yenu haijawashwa, waje kugonga. Awasamehe wanaogeukia ukutani. Basi. Hayo tu, pumzi haitoshi kwa . . . hayo tu.

Outi. Sogea. Sema Ijumaa utawaambia nini. Kwa sauti, masikio nayo yananiaga.

Ehe.

Sema tena.

Utakwenda. Nimesikia. Haya, saa nane imegonga, kumeingia giza. Inuka kwenye kiti hicho, mwanangu, uniwashie taa.