Chumvi ya Ijumaa Ile

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu leo haitafika mlangoni. Kassim, zima hiyo simu, lori haliwezi kwenda Kasumbalesa bila dereva. Husna, acha kunipepea, sina joto, nina haraka. Mmezoea kukicheka Kiswahili changu cha Kasongo, mnasema naongea kama redio. Basi leo isikilizeni redio mpaka mwisho, kwa sababu kuna jambo moja limenikaa kooni miaka miwili, na kabla sijalifikia nitapita kwanza kwenye mali na kwenye mchuzi, ili pumzi yangu ipate kuzoea njia.

Nyumba hii ya mtaa wa Panda, aliyoijenga marehemu baba yenu Radjabu kwa mikono yake akitoka zamu kiwandani, itagawanywa kama dini inavyotaka. Shekhe atawasomea kila mmoja fungu lake, na sitaki kusikia manung'uniko juu ya kaburi bichi. Hilo si langu kuamua. Lakini theluthi ya mali yangu ni yangu kumwachia nimtakaye asiye mrithi, na theluthi hiyo ni jiko langu: sufuria zote, zile tatu za kupikia kilio na harusi na hizi ndogo za kila siku, mbabula zote, yale majiko ya makala, ambayo wengine huita makaa, kibanda cha mbele na meza zake, pamoja na jina langu lililoandikwa juu ya mlango wake. Husna, usinikazie macho hivyo. Najua ulishajiona umesimama pale na mwiko mkononi. Nisikilize kwanza, kisha ulie ukitaka.

Nani katika mji huu hajaonja mchuzi wa Mama Husna? Madereva wanaochelewa safari kwa ajili yake, wachimbaji wanaorudi kutoka pande za Shinkolobwe na vumbi kwenye kope, hata mapadri walituma sahani. Sijisifu, nasema yaliyopo. Na mchuzi wangu hauna siri, una subira tu. Nyama iwe na mfupa, mfupa uwe na uboho. Ikaushe kwa kitambaa, kisha iweke kwenye sufuria kavu iliyokwisha kupata moto, wala usiibughudhi kwa kuigeuzageuza, iache ijitolee mafuta yake mpaka ipate rangi ya kahawia na chini ya sufuria pashike weusi mtamu, lakini pasiungue. Itoe. Tia vitunguu vingi kuliko unavyodhani vinatosha, makala yawe machache, ukae navyo mpaka vilegee na kubadilika rangi, na hapo ndipo wengi hukimbia kwa sababu ni saa nzima ya kusimama. Tia nyanya za kukuna, uzikaange mpaka maji yake yaishe na mafuta yajitenge pembeni. Sasa tia maji ya moto, narudia, ya moto, kidogo kidogo, ukikwangua kwa mwiko kile kilichoshika chini, maana ladha yote imelala pale. Rudisha nyama, funika, acha ichemke polepole mpaka mchuzi ung'ang'anie tonge la bukari, ugali wetu, usidondoke njiani.

Wewe Husna unatia unga wa ngano ili uwe mzito haraka, na vile vidonge vya supu viwili viwili. Unadhani sijui? Nimeviona vikaratasi vyake nyuma ya gunia la makala. Mwanangu, huo ni uji wa nyama.

Chumvi ndiyo ya mwisho, nayo hutiwa mara moja tu, mchuzi ukishapungua. Ukiitia mapema mchuzi utapungua lakini chumvi itabaki vile vile. Baada ya chumvi, onja. Na hapa kwenye kuonja ndipo njia yangu inapopinda, kwa hiyo nisogezeeni mto.

Mnamkumbuka Marceline, fundi mwenzangu, mke wa yule seremala wa jirani na kanisa. Miaka ishirini na miwili tulipika pamoja. Mashekhe wanasema mwanamke mpishi aliyefunga anaweza kugusa mchuzi kwa ncha ya ulimi akatema, lakini mama yangu hakufanya hivyo, na mimi sikufanya. Basi mwezi wa Ramadhani ulimi wa jikoni ulikuwa wa Marceline. Ilipofika Kwaresima, siku za Ijumaa, yeye ndiye asiyegusa nyama, na ulimi ukawa wangu. Hatukuwahi kuandikiana mkataba. Yeye, aliyeniita Yaya kama dada yake mkubwa, alisema tu, "Yaya, leo onja weye," nami nikaonja. Kisha ikaja miaka Ramadhani na Kwaresima zikaanza kuangukiana, na Ijumaa za namna hiyo tulipika samaki ili yeye aweze kuonja. Tulijipanga vizuri kuliko serikali.

Miaka miwili iliyopita alifiwa Mzee Magloire wa mtaa huu, mama yake alifariki, na kilio kiliangukia Ijumaa ya namna hiyo. Wao ni watu wa kanisa la uamsho, hawana Ijumaa ya samaki, walichinja ng'ombe na wakataka mchuzi wa nyama kwa mtaa mzima. Marceline akasema, "Yaya, leo minye na weye, hakuna wa kuonja. Tuite mumoja wa kilio." Nikamcheka. Nikamwambia mkono wangu unaijua chumvi kuliko ulimi wa mtu yeyote Likasi.

Nikatia chumvi. Nikaenda kuswali adhuhuri. Nikarudi, kichwa chepesi kwa njaa na moshi, nikaitazama sufuria, nikachota kiasi kile kile, nikatia tena.

Tulieni. Mnanitazama kama mmemwona mwizi, na hamjakosea.

Watu wa kwanza walichovya bukari, wakasimamisha taya. Mzee Magloire mwenyewe alikuja jikoni na bakuli mkononi, macho mekundu kwa kumlilia mama yake, akauliza mbele ya wanawake wote, "Ni nani alitia chumvi humu?" Wanangu, miaka yote ile hakuna aliyewahi kunirudishia sahani. Nikanyoosha kidole. Nikasema, "Ni Marceline."

Hakubisha. Alinawa mikono, akafungua kitenge alichojifunga kiunoni, akaondoka. Nikamfuata mpaka barabarani, wala si kwa kutubu, nilimfuata ili watu wanione nina moyo mwema. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Yaya, nilikuona unatia mara ya mbili. Nikasema, Yaya iko na sababu yake." Hilo ndilo limenikaa kooni. Aliona, na aliniamini kuliko macho yake. Kisha angeweza kusema mbele ya watu wote, akanisitiri, nami nikauchukua ule ukimya wake nikautumia.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena kupika kwenye harusi wala kilio, wakisema ameishiwa ulimi. Anauza mandazi karibu na soko. Wewe Husna ulimpita hapo bila salamu ukidhani unailinda heshima ya mama yako, nami niliona, nikanyamaza, nikaenda kula chakula changu na kikashuka vizuri. Naona aibu, wanangu. Naona aibu kubwa.

Asubuhi nilimtuma jirani yetu Kabedi akamwite. Yupo nyuma ya pazia hilo, nimesikia kikohozi chake. Ingia, Marceline. Husna, mpe kiti.

Sasa mnajua jiko ni la nani. Simpi kama zawadi, namrudishia. Husna, akikukubali, utaanza kwake kwa kumenya vitunguu, na akisema simama saa nzima, utasimama saa nzima. Mkono unao, mwanangu, kinachokukosesha ni haraka tu. Kassim, siku ya arobaini yangu alikeni mtaa mzima, na Mzee Magloire akae mbele. Kabla sahani hazijatembea, wewe usimame useme: aliyeharibu mchuzi wa kilio kile ni mama yangu, Amisa, na alimsingizia mwenzake. Useme hivyo hivyo. Usiseme nilipitiwa, usiseme nilikuwa nimefunga. Kama Marceline atapenda kupika siku hiyo, apike. Kama hataki, msimtafute mwingine. Wapeni watu bukari na maharage, na wakiuliza mchuzi uko wapi, waambieni sababu.

Nipeni maji... hapana, midomo tu. Inatosha.

Mungu awape riziki isiyowalazimu kusema uongo. Awape shingo laini ya kukubali kosa lingali dogo. Kassim, akulinde barabarani. Husna... lete kichwa chako hapa. Nimekubariki. Nyote. Na watoto mtakaowazaa... nao pia.

Marceline. Usinijibu sasa. Mtu anayekufa husamehewa kwa kuonewa huruma, nami sitaki... huruma. Utajibu siku ya arobaini, mbele ya watu wale wale. Hata ukisema hapana, wanangu wasikubishie. Sema kwa sauti, wasikie mpaka nje. Siku hiyo mimi... sitakuwepo... kumnyooshea mtu kidole.